Sokwe wa Gombe wana daftari la miaka 60. Watoto wetu wa sikoseli je?

Mwaka 2009 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika Gombe, hifadhi ndogo ya ufukweni kaskazini mwa mji wetu wa Kigoma. Kabla ya hapo wataalamu wengi walishika kwamba sokwe akipata SIV, virusi vilivyo ndugu wa VVU, haumwi; anazeeka navyo. Timu ya Beatrice Hahn, bingwa wa virusi aliyekuwa Chuo Kikuu cha Alabama huko Birmingham, Marekani, ilifuatilia sokwe 94 wa Gombe kwa miaka tisa na kuona kinyume chake. Sokwe wenye virusi walikuwa na hatari ya kufa mara 10 hadi 16 ya wenzao wa rika lao wasio navyo. Watoto wa majike walioambukizwa walikufa zaidi. Baadhi ya mizoga iliyochunguzwa ilionyesha kinga ya mwili iliyoharibika kwa namna inayofanana na UKIMWI.

Walijuaje yote hayo? Hawakumkamata sokwe wala kumchoma sindano. Waliokota kinyesi na kukinga mkojo, wakapeleka maabara. Lakini mashine ya maabara ingesoma vinasaba vya kwenye kinyesi hicho ikaishia hapo, kama pasingekuwa na mtu wa kusema: hiki ni cha fulani, mama yake ni fulani, alizaliwa mwaka fulani, mara ya mwisho kuonekana ni siku fulani. Watu hao walikuwepo. Kumbukumbu za Gombe zilianza Julai 1960, Jane Goodall alipofika akiwa na umri wa miaka 26, bila shahada, na darubini na daftari. Baada yake wakaja vijana wa vijiji vya kando ya ziwa, akina Hilali Matama na wenzake, waliowafuata sokwe mlimani siku baada ya siku wakiandika nani kazaa, nani kaumia, nani haonekani tena. Goodall alifariki Oktoba 2025, na daftari bado linaandikwa.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari hapa Ujiji. Kila mwaka nikifika kwenye mada ya urithi, mfano wangu ni sikoseli, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, kwa sababu kila darasa lina mwanafunzi mwenye ndugu, binamu au jirani anayeugua. Wanafunzi wanauelewa mraba wa urithi upesi: baba mbebaji (amerithi jeni ya ugonjwa kwa mzazi mmoja tu, haumwi), mama mbebaji, kila ujauzito una nafasi moja kati ya nne ya mtoto mwenye ugonjwa. Wasichoweza kunijibu, na mimi siwezi kuwajibu, ni kwamba katika mkoa huu, mtoto gani wa sikoseli ana kumbukumbu kama ya sokwe wa Kasekela, kundi mojawapo la Gombe: alizaliwa lini, aligunduliwa lini, mara ngapi ameongezewa damu, yuko wapi leo, na kama amefariki, amefariki kwa nini? Sielekezi swali hili kwa hospitali fulani. Nalielekeza kwetu sote, na nalielekeza sasa kwa sababu Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, kina kampasi ya Kigoma ndani ya mradi wa HEET unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Chuo cha tiba kikija mkoani, kitakuja na maswali ya nini kinunuliwe na nani aajiriwe. Nimesoma kwa miaka mingi maisha ya kazi ya watu waliojenga taaluma ya vinasaba vya magonjwa na afya ya jamii, na ninaamini maisha hayo yana jibu moja kwa Kigoma: anzeni na daftari la watoto, tangu wanapozaliwa.

Mchukueni Graham Serjeant. Daktari huyu Mwingereza alikwenda Jamaica miaka ya 1960, wakati vitabu vya udaktari vilieleza sikoseli kwa kutazama wagonjwa waliolazwa, yaani wale waliozidiwa. Akajiuliza: je, wasiofika hospitali? Kuanzia Juni 1973 hadi Desemba 1981, yeye, mkewe Beryl aliyekuwa mtu wa maabara, na wenzao walipima damu ya watoto wachanga 100,000 waliozaliwa katika hospitali moja ya Kingston. Wakapata 315 wenye sikoseli ya kurithi kwa wazazi wote wawili. Kisha wakakaa nao. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba watoto wengi walikuwa wakifa kabla hata ugonjwa wao haujapewa jina, na kwamba muuaji mmojawapo ni bandama kuvimba ghafla na kuzuia damu ndani yake, mtoto akaishiwa damu kwa saa chache. Tiba ya kwanza waliyoibuni haikuhitaji dawa. Waliwafundisha akina mama kupapasa tumbo la mtoto na kuitambua bandama ikianza kukua, ili wakimbie hospitali mapema. Vifo vya namna hiyo vikashuka mno. Mama asiyejua kusoma anaweza kuifanya kazi hiyo kwa vidole vyake, Kingston au Kakonko. Lakini hakuna aliyejua kwamba inafaa mpaka mtu alipoketi na watoto wale wale miaka nenda, miaka rudi.

Marilyn Gaston alianza na mtoto mmoja. Mwaka 1964, akiwa daktari mwanafunzi wa vitendo huko Philadelphia, alimpokea mtoto mchanga aliyevimba mkono. Alidhani ni jeraha. Aliyekuwa juu yake kazini akamshauri apime sikoseli. Ikawa ndiyo, na mkono ule ulikuwa na maambukizi makali. Miaka 22 baadaye, mwaka 1986, Gaston alikuwa kinara wa jaribio lililowapa watoto wadogo wenye sikoseli penisilini ya kunywa kila siku. Maambukizi ya bakteria wa nimonia yalipungua kwa asilimia 84, na jaribio likasimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima dawa watoto wa kundi la pili. Penisilini! Dawa iliyokuwapo madukani kwa miongo kadhaa. Kilichokuwa kimekosekana ni mtu wa kuhesabu.

Nayasema haya kwa urefu kwa sababu vijana wetu wamefundishwa kudhani kwamba mtafiti wa vinasaba ni mtu wa mashine. Hata tiba mpya kabisa ya sikoseli ina asili ya kitandani. Mwaka 1948 Janet Watson, daktari wa watoto wa Brooklyn, aligundua kwamba watoto wachanga wenye sikoseli hawaonyeshi dalili, akahisi kwamba himoglobini ya tumboni, ile anayozaliwa nayo mtoto, inawalinda mpaka inapokwisha. Wengine wakalifuata wazo hilo miaka 60, hadi ilipojulikana mwaka 2008 kwamba jeni iitwayo BCL11A ndiyo inayoizima himoglobini hiyo. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya Casgevy, inayohariri vinasaba vya mgonjwa ili jeni hiyo isiizime tena katika chembe za damu. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa bei hiyo hakuna mtoto wa Uvinza atakayeipata hivi karibuni, na ni wajibu wetu kulisema hilo wazi kwa wazazi wanaosikia redioni kwamba sikoseli sasa inapona.

Na sisi tunaye wa kwetu. Julie Makani, mzaliwa wa Arusha, alihitimu udaktari Muhimbili mwaka 1994, akaenda Hammersmith jijini London, kisha Oxford. Angeweza kubaki huko, na wengi wa rika lake walibaki. Yeye alirudi Muhimbili na mwaka 2004 akaanzisha kliniki na daftari la wagonjwa wa sikoseli ambalo likaja kuwa miongoni mwa makubwa zaidi duniani katika kituo kimoja. Mwaka 2011 yeye na wenzake walichapisha hesabu ya vifo kati ya wagonjwa 1,725: walio chini ya miaka mitano ndio waliokufa zaidi, na kwa kiasi kikubwa. Mwaka huo huo akapewa Tuzo ya Royal Society Pfizer. Daftari hilo hilo ndilo lililomwezesha Siana Nkya na wenzake kuchapisha mwaka 2014 uchunguzi wa vinasaba vyote vya wagonjwa wa Tanzania wakitafuta vinavyoongeza himoglobini ya tumboni, na BCL11A ikajitokeza pia katika damu ya Watanzania. Yaani uchunguzi wa hali ya juu uliwezekana kwa wagonjwa wa Dar es Salaam kwa sababu miaka kumi nyuma kuna mtu aliyekubali kuandika majina, tarehe na uzito wa watoto kwa uangalifu. Kama pasingekuwa na kliniki ya 2004, mashine ya 2014 isingekuwa na damu ya kusoma.

Inakadiriwa kwamba watoto 11,000 huzaliwa na sikoseli Tanzania kila mwaka. Kanda yetu ya magharibi na ya ziwa imebeba mzigo mkubwa, na sababu inajulikana tangu mwaka 1954. Hapo inabidi nimzungumzie Anthony Allison, maana maisha yake yana sifa na yana deni.

Allison alizaliwa Afrika Kusini, akakulia kwenye shamba huko Gilgil, Kenya, akasomea udaktari Oxford. Katika safari ya mwaka 1949 alipima damu za watu wa Afrika Mashariki na kuona ajabu: kwa jamii za pwani na za kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa wabebaji, lakini kwenye nyanda za juu na kavu hawakufika hata mmoja. Akaunganisha ramani hiyo na ya malaria. Ili kuthibitisha, alichukua wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea, 15 wabebaji na 15 wasio wabebaji, wakaambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya wasio wabebaji 14 waliugua. Kati ya wabebaji ni wawili tu. Akachapisha mwaka 1954, naye akiwa hajafika miaka 30. Huo ndio mfano wa kwanza ulio wazi wa uteuzi wa asili kwa binadamu. Ninaufundisha kila mwaka, na kila kitabu cha baiolojia duniani kinauweka.

Jina la Allison limo vitabuni. Majina ya wale 30 sijapata kuyaona popote. Nakubali kwamba maadili ya utafiti ya wakati ule hayakuwa ya leo, na kwamba wagonjwa hawatajwi kwa kulinda siri zao. Lakini jiulize, katika timu ile yote nani mwingine angeweza kuwa mwanasayansi kesho yake? Nani alifundishwa kusoma kioo cha hadubini, akalipwa kusomea zaidi, akaachiwa vifaa? Elimu iliyopatikana kwa damu ya Afrika Mashariki iliondoka na aliyeipata. Huo ndio mtindo tulioendelea nao.

Kwa asiyeujua ulimwengu wa machapisho ya tiba, niseme jinsi majina yanavyopangwa. Wa kwanza ni aliyefanya kazi kubwa na kuandika. Wa mwisho ni mkubwa wa maabara, mwenye wazo na fedha. Kazi ya mtu hupandishwa cheo kwa majina hayo mawili. Wa katikati walisaidia. Ule utafiti wa Gombe wa 2009 una Watanzania ndani yake, Jane Raphael, Shadrack Kamenya na Titus Mlengeya, nao wako katikati. Utafiti maarufu wa 2007 wa Sarah Tishkoff, mtaalamu wa vinasaba wa Marekani, kuhusu kwa nini wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan wanaweza kunywa maziwa ukubwani una jina la Thomas Nyambo, mtaalamu wa baiokemia wa Muhimbili. Katikati. Hawa ni wasomi wanaostahili heshima, na simlaumu Hahn wala Tishkoff. Bila wao maswali hayo yasingejibiwa. Ninachosema ni kwamba nafasi ya katikati ndiyo tunayopewa pale ambapo daftari, sampuli na umande wa asubuhi ni vyetu, ila swali, fedha na maabara ni vya mwingine.

Malale yanaonyesha jambo hilo kwa uchungu zaidi. Mbung'o wa mapori ya Kigoma na Tabora wanajulikana tangu enzi za Wajerumani, na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ina kituo Tabora ambacho malale ni sehemu ya historia yake. Mwaka 2003 maabara ya Etienne Pays, Brussels, ilionyesha kwamba protini iitwayo APOL1 iliyomo katika damu ya karibu kila binadamu ndiyo inayoua vimelea vingi vya jamii ya malale. Vile vinavyotuua vimejifunza kuikwepa. Mwaka 2010 kundi la Martin Pollak wa Boston, likishirikiana na Pays, likaonyesha kwamba aina mbili za jeni hiyo, zinazoonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi, zinaua hata kimelea cha malale ya upande wetu wa mashariki, lakini aliyezirithi kutoka kwa wazazi wote wawili yuko katika hatari kubwa ya figo kufeli. Ni mtindo ule ule wa sikoseli na malaria: kinga ya upande mmoja, gharama ya upande mwingine. Swali lilizaliwa porini kwetu, na jibu likatoka Boston na Brussels. Nafuu ni kwamba mradi wa TrypanoGEN, uliokuja baadaye kuchunguza vinasaba vya wanaougua malale Afrika, uliongozwa na Enock Matovu wa Makerere, jirani yetu.

Mradi huo ulikuwa ndani ya H3Africa, mpango wa utafiti wa vinasaba na afya Afrika, na H3Africa haiwezi kuelezwa bila Charles Rotimi. Huyu ni Mnigeria aliyesoma Chuo Kikuu cha Benin, akaenda Marekani, akasomea epidemiolojia hadi uzamivu, akaishia Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Rotimi alibaki ughaibuni, na bado nathubutu kusema ameifanyia Afrika kazi kubwa kuliko wengi waliorudi. Mwaka 2003 alikuwa rais mwanzilishi wa Jumuiya ya Afrika ya Vinasaba vya Binadamu, na kutoka humo likapatikana wazo la H3Africa: fedha za utafiti ziende moja kwa moja kwa taasisi za Afrika, na Mwafrika ndiye awe kiongozi wa mradi. Mwaka 2020 watafiti wa mpango huo walichapisha usomaji wa vinasaba vya watu 426 wa makabila 50 ya Afrika na kukuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwahi kuandikwa mahali popote. Milioni 3 kutoka kwa watu 426 tu! Kwa hiyo mtu wa Buhigwe au Sikonge akipimwa vinasaba leo, daktari anaweza kukutana na kitu ambacho hakimo katika kumbukumbu za dunia, asijue kama ni ugonjwa au ni kawaida yetu.

Na kutojua kuna bei ambayo mkoa huu umeilipa. Kule Kabanga, Kasulu, watoto wenye ualbino walikusanywa shuleni ili wasiuawe. Mwaka 1995 tayari kulikuwa na chapisho lililoonyesha, kwa damu ya Watanzania, kipande kilichokatika katika jeni ya OCA2 kinacholeta ualbino kwa wengi wetu. Kabla yake, mwaka 1985, Jeffrey Luande wa Dar es Salaam alikuwa ameeleza jinsi jua linavyoharibu ngozi yao hadi saratani. Elimu ilikuwepo, imechapishwa kwa Kiingereza. Haikuwa na mtu wa kuishi nayo Kasulu, kuieleza kanisani, msikitini na kwenye baraza la kijiji kabla ya wauaji. Ndiyo maana kwangu mtafiti anayeishi mkoani si anasa. Wanaosema ni anasa sijui wanawaeleza nini wazazi wa watoto wa Kabanga.

Najua pingamizi litakalokuja, maana nimelisikia kwa walimu wenzangu: hospitali zinahangaika na glavu, wewe Mwalimu unaongelea vinasaba? Jibu langu ni penisilini ya Gaston na vidole vya akina mama wa Jamaica. Katika fani hii, utafiti makini ndio ulioshusha gharama. Anayepoteza fedha ni hospitali inayomwongezea damu mtoto yule yule mara kwa mara bila kujua kwamba ni sikoseli, na familia inayouza ng'ombe kwenda kwa mganga kwa kuwa mama mkwe amesema mtoto amerogwa.

Wala hatuhitaji kusubiri jengo. Tazameni lililofanyika Mwanza. Maabara ya Bugando hupokea matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, ya watoto wachanga wa kanda ya kaskazini magharibi wanaopimwa VVU. Emmanuela Ambrose na wenzake waliona kwamba karatasi ile ile ikishamaliza kazi ya VVU inaweza kupimwa sikoseli. Walipima sampuli zaidi ya 17,000 na kuchapisha mwaka 2020: mtoto mmoja kati ya watano ni mbebaji, na zaidi ya mmoja kati ya 100 ana ugonjwa wenyewe. Hakuna mtoto aliyechomwa mara ya pili. Na jina la kwanza kwenye chapisho ni la Ambrose, aliye Mwanza, huku la mwisho likiwa la mshirika kutoka Marekani, Russell Ware. Huyo huyo Ware ndiye wa mwisho kwenye jaribio la 2019 lililothibitisha kwamba dawa ya haidroksiyurea inawafaa watoto wa Afrika, na jina la kwanza la jaribio hilo ni Léon Tshilolo wa Kinshasa. Ng'ambo ya ziwa letu, katika nchi yenye shida kuliko yetu! Ushirikiano na wa nje unawezekana bila sisi kubaki katikati, mradi mwenyeji aje mezani na swali lake na wagonjwa anaowajua.

Sasa ngazi ya kupandia. Kijana wa Tabora Boys au Tabora Girls anayeingia udaktari akiwa na miaka 20 anasoma miaka mitano, anafanya mwaka mmoja wa vitendo, anarudi kwa uzamili wa miaka mitatu, kisha uzamivu wa miaka minne ikiwa mambo yamekwenda vizuri. Hata asipopumzika hata mwaka mmoja ana miaka 33, na muda huo wote ameupitia Dar es Salaam, Mwanza, Moshi au Dodoma. Ameoa au ameolewa huko, watoto wanasoma huko. Akipangwa hospitali ya Kitete, Tabora, au ya Maweni, Kigoma, anafika kama mgeni, na baada ya miaka miwili anaomba uhamisho. Kila akiondoka mmoja, wagonjwa aliowazoea wanaanza upya na mwingine. Kulaumu kukosa uzalendo hapa ni kukwepa hoja. Makani alirudi mahali palipokuwa na chuo, maabara na wenzake wa kubishana nao. Mtazameni pia Kwaku Ohene-Frempong, daktari wa Ghana: mwanawe mwenyewe, Kwame, alizaliwa na sikoseli. Baba akajenga kazi yake Philadelphia, na ndiye aliyeanzisha upimaji wa watoto wachanga Kumasi, Ghana, miaka ya 1990, akauhangaikia hadi alipofariki mwaka 2022. Upendo wa nyumbani alikuwa nao. Kilichomwezesha kuutumia ni kwamba Kumasi palikuwa na hospitali ya kufundishia na wauguzi wa kuendeleza kazi yeye akiwa safarini.

Kampasi ya Kigoma inaweza kuivunja duru hiyo, kwa sharti moja. Isiwe mahali pa madarasa ya mwaka wa kwanza na wa pili, wanafunzi wakishaiva wapelekwe Dar es Salaam. Iwe na nafasi za uzamili na uzamivu ambazo mgonjwa wake, data yake na msimamizi wake mmoja wako hapa. Daktari kijana wa Maweni aweze kusajiliwa uzamivu huku anaendelea kuhudumia kliniki yake ya Jumanne. Kliniki ya mama na mtoto tayari inawaona karibu watoto wote kwa ajili ya chanjo. Kipimo cha haraka cha sikoseli kinahitaji tone la damu ya kisigino na dakika chache. Atakayeonekana ana ugonjwa aandikwe, aanze penisilini na afuatiliwe mpaka ukubwani. Kitete nayo ifanye hivyo hivyo kwa daftari la aina moja, kwa kuwa watu wetu wanapanda treni na daftari lisipowafuata watapotea kati ya Kaliua na Kigoma. Miaka kumi ya daftari hilo itazaa tasnifu ambazo hakuna chuo cha Ulaya kinachoweza kuziandika bila sisi.

Lipo jambo la kulichunga kuliko fedha. Kumwambia mtu kwamba ni mbebaji kunaweza kumharibia maisha tusipokuwa waangalifu. Binti akijulikana mtaani kuwa mbebaji, posa itarudi. Hakuna atakayeuliza kama mchumba naye amepimwa. Mama atalaumiwa peke yake, ingawa mtoto hawezi kuugua bila baba naye kuwa na kasoro hiyo ya kurithi. Daftari lazima liwe na siri, na lazima kuwe na mshauri anayeketi na baba na mama pamoja, kwa Kiswahili, na kwa Kiha au Kinyamwezi panapohitajika. Makabila yetu yana wazee wanaojua kuongea na wakwe bila kumvunjia mtu heshima. Wafundishwe kazi hii, walipwe.

Na kamati ya maadili itakapoletewa andiko lolote la utafiti litakalochukua damu Kigoma au Tabora, kabla ya kugonga mhuri iulize mambo matatu yaliyo rahisi kuthibitisha: ni kijana gani wa hapa atakayepata shahada kutokana na kazi hii, sampuli zitakaa kwenye friji ya nani baada ya mradi kuisha, na muuguzi aliyeandika daftari kwa miaka mitano jina lake litatokea wapi kwenye chapisho. Mtafiti asiye na majibu arudishiwe andiko lake akayatafute.